Jemadari Aliyeanza kwa Kushindwa

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya vita na majemadari, na juu ya sifa zimpasazo mtu anayekabidhiwa roho za watu wengine azipeleke mahali ambapo si zote zitakazorudi.

Aghalabu watu wakitajiwa jemadari mkuu, fikira zao huenda moja kwa moja kwenye ushindi wake: miji aliyoiteka, nishani zilizomjaa kifuani, sanamu iliyosimamishwa katika uwanja wa mji mkuu. Mimi sina ugomvi na sanamu. Lakini ushindi ni shahidi asiyeaminika sana, kwa maana jeshi laweza kushinda kwa wingi wake, au kwa utajiri wa dola yake, au kwa ujinga wa adui, na jemadari akapewa sifa isiyokuwa yake. Ukitaka kumjua kwa hakika, mtazame siku aliyoshindwa: alimlaumu nani, aliwatazama vipi askari wake, na asubuhi ya pili alianza na kazi gani. Kwa kipimo hicho nimemchagua William Slim, aliyeliongoza Jeshi la 14 la Uingereza katika vita vya Burma. Jina lake halikuvuma kama la Montgomery au la Rommel, na jeshi lake lenyewe lilijiita jeshi lililosahauliwa, kwa sababu magazeti ya London yalishughulika na vita vya Ulaya na vya Afrika ya Kaskazini, na habari za Burma zikawa za ukurasa wa ndani. Hata hivyo sisi huku hatuwezi kudai ya kuwa hatumjui, kwa sababu chini ya amri yake walipigana vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, askari wa KAR, yaani King's African Rifles, ambao watu wetu waliwaita keya, na mpaka leo ziko nyumba ambamo jina la Burma halihitaji kufafanuliwa.

Slim alizaliwa mwaka 1891 huko Bishopston, karibu na Bristol, mwana wa mfanya biashara ya vyuma ambaye biashara yake haikumnyookea. Hakuwa na jamaa wa kumwombea cheo wala mali ya kumnunulia heshima. Alisomesha watoto wa mitaa ya kimaskini mjini Birmingham, kisha akawa karani katika kampuni ya mabomba ya chuma, na lau si vita vya 1914, vilivyolifanya jeshi la Uingereza lihitaji maofisa wengi kwa haraka, huenda angeshika kalamu ya ukarani mpaka mwisho wa umri wake. Alijeruhiwa vibaya Gallipoli mwaka 1915, akajeruhiwa tena Mesopotamia, kisha akahamia jeshi la India, akatumika pamoja na Wagurkha na kujifunza lugha yao. Na kwa kuwa mshahara wa ofisa mdogo haukumtosha mtu mwenye mke na watoto, aliandika hadithi za magazetini kwa jina la Anthony Mills, ambalo mwenye macho ataona ya kuwa ni Slim lililosomwa kinyumenyume.

Mtihani wake wa kwanza katika vita vya pili aliufanyia katika ardhi yetu ya Afrika. Mwezi wa Novemba 1940, akiwa brigedia, aliamrishwa kuwatoa Wataliani katika ngome ya Gallabat, mpakani pa Sudan na Uhabeshi. Gallabat aliipata, lakini Metemma ng'ambo ya pili hakuipata. Vifaru vyake vingi viliharibika, ndege za Kitaliani zikawapiga askari wake bila ya kizuizi, baadhi yao wakavunjika moyo wakakimbia, naye akaamua kurudi nyuma. Jambo la kutaamali hapa ni lile aliloliandika baadaye, miaka mingi baada ya kuwa mtu maarufu asiyelazimika kukumbusha watu fedheha zake za zamani: ya kuwa siku ile zilikuwako njia mbili mbele yake, moja ya ushujaa na moja ya hadhari, naye alichagua ya hadhari kwa sababu aliisikiliza hofu yake mwenyewe. Hakutaja vifaru vibovu kuwa ndiyo sababu, wala wale waliokimbia. Majemadari wachache sana, katika wale niliowasoma, wameandika sentensi kama hiyo juu ya nafsi zao.

Mwezi wa Machi 1942 akaitwa Burma, na huko alikuta msiba tayari umekwisha kuanza. Wajapani walikuwa wameingia kutoka Siam. Na tarehe 23 Februari daraja la mto wa Sittang lilikuwa limevunjwa na Waingereza wenyewe kwa hofu ya kuwahiwa na adui, ilhali sehemu kubwa ya Divisheni ya 17 ya India ingali ng'ambo ya pili, watu wakalazimika kuogelea na wengi wakapotea pamoja na silaha zao. Rangoon, bandari pekee iliyolilisha jeshi lile, ilianguka mwanzo wa mwezi wa Machi. Slim alikabidhiwa mabaki, na kazi aliyopewa ni kuyarudisha mabaki hayo mpaka India, safari ya maili 900 hivi, iliyo ndefu kuliko kurudi nyuma kokote katika historia ya jeshi la Uingereza. Visima vya mafuta vya Yenangyaung vililipuliwa ili adui asivifaidi. Kila mara Wajapani walizunguka msituni wakaifunga barabara nyuma ya migongo ya Waingereza, na jeshi lililozoea kwenda kwa malori likajikuta mateka wa barabara yake lenyewe.

Jeshi hilo lilipoingia India mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimekwisha kulikuta njiani, Slim alisimama kando ya barabara akalitazama likipita. Walikuwa watu waliokonda, nguo zimewatatukia mwilini, homa inawatetemesha, Waingereza na Wahindi na Wagurkha wakifuata maofisa wachache waliosalia. Lakini kila kundi, hata liwe dogo namna gani, lilipita kwa mpango wake, na kila mtu amechukua silaha yake. Hakuwahutubia wala hakuwaahidi kitu. Alisimama tu, akawaona. Na alipoona ya kuwa wakubwa waliowapokea India wamewapokea kwa kejeli, hawakuwawekea hata paa la kuwakinga na mvua, alikasirika kwa ajili yao hasira ambayo hakuisahau alipokuja kuandika kitabu chake.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Waliosema katika siku zile walisema ya kuwa Mjapani ni kiumbe cha msituni asiyeshindika. Slim hakukubali hayo, lakini pia hakuyadharau, bali alikaa akajiuliza adui amefanya nini ambacho sisi hatukufanya. Jawabu alilopata lilikuwa rahisi kusemwa na gumu kutekelezwa. Msitu si rafiki wala adui wa mtu yeyote; atakayejifunza kutembea na kulala ndani yake ndiye atakayekuwa na nguvu. Kikosi ambacho adui amekizunguka kisikimbie, kikae pale pale kipigane, na chakula na risasi kishushiwe kwa ndege, kwani hapo yule aliyezunguka ndiye atakayekuwa katikati, na njaa itamwanza yeye. Na katika jeshi asiwepo mtu wa kusema kwamba kazi yake ni kupika, au kuandika, au kuuguza, na kwamba bunduki haimhusu.

Alipokabidhiwa Jeshi la 14 mwezi wa Oktoba 1943, aligundua ya kuwa adui wake wa kwanza hakuwa Mjapani bali mbu. Kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa jeraha, walikuwa wakiondolewa 120 kwa maradhi: malaria, kuhara damu, na homa mbaya iletwayo na utitiri. Jeshi namna hiyo linakwisha lenyewe bila ya kupigwa. Dawa ya mepakrini ilikuwako, vidonge vya rangi ya manjano vya kumezwa kila siku, lakini askari walikuwa wakivitupa, kwa sababu ulienea uvumi kambini ya kuwa vidonge vile huondoa nguvu za kiume. Na nadhani sina haja ya kuwaeleza wasikilizaji wa kiume uzito wa uvumi kama huo. Slim hakuandika waraka wa kubembeleza. Aliamuru vikosi vikaguliwe kwa ghafula, damu za askari zipimwe, na kikosi kitakachoonekana watu waliomeza dawa hawatimii 95 katika kila mia, kamanda wake atolewe. Alimtoa wa kwanza, akamtoa wa pili, akamtoa wa tatu; wa nne hakuhitajika.

Ziko sifa ambazo huonekana ndogo kwa sababu hazipigiwi tarumbeta, na mimi ningependa tuzitazame hizo kwa utulivu kabla ya kufika kwenye mapigano. Kikosi cha mbele kilipokatiwa chakula kikala nusu ya posho, Slim aliamuru makao yake makuu nayo yale nusu ya posho, pamoja na maofisa wa kalamu ambao wingi wao hawajapata kusikia risasi ikilia. Na tangu siku ile, asema mwenyewe, makarani walipata bidii mpya ya kuhakikisha ya kuwa mizigo inafika mbele. Alipohitaji miavuli ya kushushia mizigo kutoka angani akaambiwa hakuna hariri, kwa kuwa hariri yote inakwenda Ulaya, watu wake walitengeneza miavuli kwa nyuzi za magunia zilizojaa viwandani Calcutta, ikafanya kazi, na gharama yake ilikuwa ndogo sana kuliko ya hariri. Na alikwenda mwenyewe kwa askari, kikosi kwa kikosi, akapanda juu ya gari la jipu akasema nao, Wagurkha kwa lugha yao, Wahindi kwa Kiurdu, asiwafiche taabu iliyo mbele wala asijitie mtu wa ajabu. Watu walimsadiki. Nami naona walimsadiki kwa sababu maneno yake na posho yake vilikuwa kitu kimoja.

Mwezi wa Machi 1944 adui alikuja. Jenerali Mutaguchi Renya alivusha mto wa Chindwin divisheni tatu, jeshi lake lote likiwa watu 85,000 hivi, nia yake kuiteka Imphal na Kohima na kuufungua mlango wa India. Mutaguchi alikuwa shujaa, hilo halina shaka, na mpango wake haukuwa wa kipumbavu. Ila uliegemea juu ya sharti moja, kwamba Waingereza watakimbia kama walivyokimbia mwaka 1942 na kuacha ghala zao zimejaa. Kwa hiyo askari wake walichukua chakula cha majuma matatu hivi, wakaswaga ng'ombe mbele yao kupitia milima isiyo na njia, na wengi wa ng'ombe hao wakafia njiani. Shauri la Slim lilikuwa kinyume cha hilo. Badala ya kwenda kumkabili mpakani, aliamua kuvirudisha vikosi vyake vya mbele mpaka uwanda wa Imphal, amwache adui aje mwenyewe, huku mto na milima na mvua vikiwa nyuma ya adui badala ya kuwa nyuma yake yeye. Kurudi nyuma kwa hiari, mbele ya adui ambaye amekwisha kukushinda mara moja, na kuwaeleza askari ya kuwa safari hii si kukimbia, kunataka moyo mgumu kuliko kushambulia.

Na hapo pia alikosea, mara mbili, akasema mwenyewe ya kuwa amekosea. Alichelewa kuiamuru Divisheni ya 17 iondoke Tiddim, na barabara nyuma yake ikakatwa, ikalazimika kujipigania njia. Tena alidhani ya kuwa katika milima ile ya Kohima adui hawezi kupeleka ila kikosi kimoja kidogo, kumbe ilikuja divisheni nzima chini ya Jenerali Sato, na Kohima ikawa na watu 1,500 hivi tu wawezao kupigana. Nusura ilitoka kwa ndege: Divisheni ya 5 ya India, iliyokuwa inapigana upande mwingine wa nchi, katika Arakan, ilibebwa na watu wake na mizinga yake na nyumbu wake, ikawekwa vitani kwa siku chache. Kule Kohima, kwenye bustani ya nyumba ya mkuu wa wilaya, majeshi mawili yalipigana kwa majuma wakiachana upana wa kiwanja cha tenisi tu, wakirushiana mabomu ya mkono kutoka mstari mmoja hadi wa pili. Sato angeweza kukiacha kilima kile akaenda Dimapur, penye ghala zilizolilisha jeshi zima. Hakwenda, kwa kuwa aliamrishwa aiteke Kohima, na Kohima ndiyo aliyoijua. Slim aandika kwa mzaha ya kuwa marubani walipotaka kupiga bomu makao ya Sato, aliwazuia, kwani alimhesabu jenerali yule kuwa miongoni mwa watu waliomsaidia sana.

Lakini tusimcheke Sato kupita kiasi. Watu wake walikufa njaa, wakala majani na konokono, na kila alipoomba chakula aliletewa amri. Mwishowe, mwisho wa mwezi wa Mei, akawarudisha nyuma bila ya ruhusa, jambo ambalo halikujulikana katika jeshi la Japani. Mutaguchi akamwondoa, kama alivyowaondoa makamanda wake wengine wawili, na akaendelea kuamuru mashambulio kwa divisheni ambazo zilikuwa zimebaki kwenye karatasi tu. Tofauti ya Slim na Mutaguchi haikuwa katika ushujaa, wala katika akili. Mmoja wao, habari mbaya ilipomfikia, aliibadili azma yake. Wa pili alimbadili aliyeileta. Barabara ya Imphal ilifunguliwa tarehe 22 Juni, na kabla msimu haujaisha Wajapani walikuwa wamepoteza zaidi ya watu 50,000, waliokufa na waliojeruhiwa na waliougua, na waliokufa wengi wao waliuawa na njaa na maradhi.

Desturi ya nchi ile ilikuwa vita visimame wakati wa masika. Slim hakutaka visimame. Ndipo ikaingia Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, chini ya Meja Jenerali Fowkes. Iliingia Tamu mwanzoni mwa Agosti, ikakuta mji umejaa maiti zisizozikwa, ikageuka kusini kulifuata bonde la Kabaw, ambalo watu waliliita bonde la mauti. Wasikilizaji, fikirini vijana waliozaliwa nchi za nyanda na mabonde yetu, waliofundishwa vita kwanza nyumbani kisha Ceylon, amri wakipewa kwa Kiswahili na kwa Kinyanja, sasa wamo katika tope lifikalo magotini, ndani ya mvua isiyokata, barabara ikitandikwa magogo kwa mkono na magogo yakizama, jipu likivutwa kwa kamba na watu ishirini, chakula kikiangushwa na ndege pindi mawingu yakifunguka, na yasipofunguka hapaangushwi kitu. Nyuma yao tembo wa Burma waliburura miti ya kujengea madaraja. Mbele yao Wajapani wachache, wamejichimbia kilimani, hawatoki mpaka wauawe. Hivyo ndivyo walivyokwenda, kijito baada ya kijito, mpaka tarehe 2 Desemba 1944 wakaishika Kalewa ukingoni mwa Chindwin. Na hapo wahandisi wakaunganisha daraja la chuma la futi 1,154, ambalo wakati ule lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya namna yake duniani. Ni haki kusema pia ya kuwa vijana hao walilipwa chini ya wenzao Wazungu kwa kazi ile ile na hatari ile ile, na ya kuwa ufalme walioupigania haukuwa wao. Slim hakuitunga sheria ile, wala hakuivunja.

Baada ya kuvuka Chindwin, Slim alikuwa na mpango uliokamilika: atapigana na Wajapani katika uwanda wa Shwebo, kabla ya mto mkubwa wa Irrawaddy, mahali palipo wazi ambapo vifaru vyake na ndege zake vitafanya kazi, kwa kuwa Mjapani, alivyomjua yeye, hatakubali kuiacha ardhi bila ya vita. Lakini jemadari mpya wa Kijapani, Kimura, hakuwa wa namna ile. Aliliondoa jeshi lake, akaliweka nyuma ya Irrawaddy, akamngoja Slim avuke ndipo amvunje akiwa majini. Katikati ya Desemba dalili zikaanza kufika: vikosi vya mbele vinakwenda upesi mno, upinzani ni hafifu mno. Mpango wa miezi umekuwa karatasi. Wahenga wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nasema ya kuwa asiyekubali kukosea si jemadari. Slim alikubali, na kwa muda wa siku chache tu akatoa mpango mwingine, ulio mkubwa na wa hatari kuliko wa kwanza.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Nusu ya jeshi lake itavuka kaskazini mbele ya Mandalay, kwa kelele nyingi, ili Kimura aamini ya kuwa hapo ndipo penye vita. Nusu ya pili, yenye vifaru, itakwenda kwa siri magharibi ya milima, maili mamia, itokee kusini kabisa karibu na Pagan, ivuke mto pasipotazamiwa, ikaruke juu ya Meiktila, mji ambao ndani yake zilikuwamo ghala na hospitali na viwanja vya ndege vya Wajapani, na ambapo barabara kuu na reli za kuelekea Mandalay zilikutana. Ili siri isitoke, makao ya uongo ya kikosi kile yaliwekwa Tamu, na mitambo ya redio ikaendelea kupeleka na kupokea habari kana kwamba kikosi kingalipo, ilhali kikosi chenyewe kimefunga redio zake na kinapita bondeni kimya kimya. Na mbele kabisa ya msafara wakawekwa askari wa Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, makusudi Wajapani wakiwaona wadhani ya kuwa ni wale wale watu wa Kabaw, waliotangatanga magharibi, wala hakuna jeshi kubwa nyuma yao. Keya wetu wakawa pazia.

Mto wa Irrawaddy ulivukwa karibu na Nyaungu tarehe 14 Februari 1945, kwa mashua chache na mbovu ambazo mitambo yake ilizimika katikati ya maji, zikapelekwa na mkondo chini ya risasi, na saa za kwanza ilionekana ya kuwa mambo yameharibika. Hayakuharibika. Juma moja baadaye vifaru vilitoka, na mwanzo wa Machi Meiktila ikawa imetekwa. Na walioiteka ni Divisheni ya 17, ile ile iliyoachwa ng'ambo ya daraja la Sittang mwaka 1942. Kimura akageuka kuja kuuokoa mji, akaiacha Mandalay, nayo ikaanguka tarehe 20 Machi. Rangoon iliingiwa tarehe 3 Mei, Wajapani wamekwisha kuikimbia.

Wazee husema vita ni hila, na hila hii ni miongoni mwa zile zisomeshwazo. Lakini kila hila ya vita ina mtu anayeilipia. Wakati jeshi kubwa linavuka Nyaungu, Brigedi ya 28 ilipelekwa Seikpyu, mbele ya visima vya mafuta vya Chauk, ijifanye kama kwamba inataka kuvuka hapo, na Wajapani wakasadiki, wakaishambulia kwa nguvu, wakairudisha nyuma mpaka Letse. Katika mukhtasari wa historia huitwa kikosi kilichosukumwa nyuma, na msomaji asiyejua huenda akadhani ya kuwa walishindwa kazi yao, ilhali kupigwa pale ndiyo iliyokuwa kazi yao. Je, ni insafu jemadari kuwatuma watu mahali ambapo manufaa yao ni kuvuta risasi? Mimi naona ni insafu kwa sharti moja tu, kwamba awe mtu ambaye hatumii roho hata moja zaidi ya haja. Na kwa Slim, aliyewafukuza makanali kwa sababu ya vidonge vya malaria, sharti hilo naliona limetimia. Mwingine aweza kuliona vinginevyo, hasa kama jamaa yake alikuwa Seikpyu.

Rangoon ilipokwisha kutwaliwa, mkubwa wake, Jenerali Leese, alimwarifu Slim ya kuwa jeshi lake atapewa mtu mwingine. Slim hakubishana. Jeshi ndilo lililobishana, kwa manung'uniko yaliyofika London, na mwisho wake Leese ndiye aliyeondolewa na Slim akapewa kiti chake. Mwaka 1948 alifanywa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uingereza, na tangu 1953 mpaka 1960 alikuwa Gavana Mkuu wa Australia. Alifariki mwaka 1970.

Kitabu chake juu ya vita vya Burma kilitoka mwaka 1956. Ni kikubwa, na wengi wakikipata hukimbilia kwenye kurasa za Meiktila na Mandalay. Mwenye nia ya kukisoma, na hasa kijana aliye katika jeshi au aliyepewa uongozi wa watu, namsihi asianzie huko. Aanze mwanzo, kwenye sura za mwaka 1942, azisome polepole.